Kuificha Dhoruba

Dhoruba ilipochoka kuwapiga watu makofi ilikwenda zake bila kuaga, ikaacha kimya kizito hadi Chiriku akadhani masikio yake yameziba. Alikuwa chini ya meza ya jikoni pamoja na mumewe, goti kwa goti, na mapajani amepakata sufuria ya maharage. Kwa nini alikimbia na maharage badala ya kitu cha maana, hata yeye hakujua. Kulikuwa kumeanza kupambazuka, na mwanga uliingia jikoni kutoka upande ambao haukuwa na desturi ya kuingilia, yaani kutoka juu.

"Mzee," alisema, "uko hai?"

"Nipo."

"Na miguu yote?"

"Yote. Mmoja umeukalia."

Chiriku akacheka. Kicheko kikageuka machozi kidogo, kisha kikarudi kuwa kicheko, na mumewe akamwacha amalize, maana ndoa yao ilikuwa na umri wa kutosha na alijua kwamba kilio cha namna hiyo hakihitaji kubembelezwa. Walikuwa wazima. Usiku kucha nyumba ilikuwa imelia kama mlango mbovu, mvua ya mawe ikapiga bati mpaka wakashindwa kusikizana, na sasa walikuwa wazima.

Chiriku si jina lake. Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, zuri tu, lakini tangu aolewe huku mdomo wake haukuwahi kupata likizo, na watu wakamfananisha na yule ndege mdogo asiyejua kunyamaza. Mumewe walimwita Babu Bati, kwa sababu ujana wake wote aliumalizia kwenye kukata na kukunja bati: ndoo, mapipa, mifereji ya mapaa. Yeye alikuwa mtu wa maneno machache. Majirani walisema Mungu aligawa mdomo mmoja kwa nyumba ile, na mke akawahi.

Walitoka nje kuhesabu hasara. Ng'ombe alikuwa zizini anacheua, akawatazama kama watu waliochelewa kazini. Kuku walikuwa wamejibanza chini ya toroli, wameloa na kukonda hadi Chiriku akawaonea haya. Mahindi yalikuwa yamelala chini, yote yameelekea upande mmoja. Na pale kwenye kona, ule mti mkubwa kuliko yote ulikuwa umeanguka na kuiziba barabara, mizizi imeelekea juu, kila mtu akione kilichokuwa kimefichwa chini miaka yote.

Kisha wakageuka kuitazama nyumba. Juu ya jiko palikuwa na shimo. Mabati yalikuwa yameng'oka, na mapema usiku, kabla hawajaingia chini ya meza, maji yalikuwa yamefika magotini ndani, kisha yakatoka kwa mlango wa nyuma, yakaacha alama ya matope ukutani, imenyooka kama imepigwa rula. Vyumba vingine vilisalimika paa, lakini godoro lao, magunia, cherehani, mapazia, viti vya mito, vyote vilikuwa vimekunywa maji.

"Si kitu," alisema Babu Bati. "Vitakauka."

Chiriku alikuwa karibu kukubali. Kifua kilikuwa kimeshaanza kumfunguka, pumzi ya kwanza nzuri tangu jioni. Ndipo alipokumbuka, akashika kichwa.

"Mzee. Binti."

Babu Bati akaketi juu ya ndoo iliyopinduka.

Binti yao alikuwa mmoja tu. Alifanya kazi kwenye duka la dawa mjini, akikaa peke yake ghorofa ya chini kabisa ya jengo refu, tangu ndoa yake ilipovunjika. Msimu wa joto uliopita, upepo ulipobeba bati moja tu, moja, alikuja akasimama katikati ya jiko hili hili, mikono kiunoni, akawaambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Akasema ninyi mmezeeka. Akasema, "Paa likiondoka tena, nawachukua mkakae kwangu, na sitaki mjadala." Na binti huyo alirithi ukimya wa baba na ukaidi wa mama, kwa hiyo akisema jambo mara moja, limesemwa.

Chiriku alikuwa ameshakaa kwa binti mara moja, pamoja na mumewe, kwa majuma mawili. Hakuwa na neno baya juu ya mji, watu wana haki ya kupenda wanachopenda. Lakini dirisha lilitazama ukuta, na majirani walijibu salamu kwa kutikisa funguo. Binti akienda kazini asubuhi, Chiriku alibaki anazungumza na birika. Siku birika lilipopiga filimbi akajikuta amelijibu, ndipo alipofunga virago. Babu Bati yeye alimaliza muda wote akikaza vitasa ambavyo havikulegea. Kuhamia kule, kwao, kulikuwa sawa na kuzikwa wakiwa wanakula vizuri.

"Simu?" aliuliza Babu Bati.

"Imekufa. Mnara umeanguka, sioni hata ile taa yake."

Redio ndogo ya betri ilikuwa hai bado. Iliwaambia kwamba dhoruba kali imepiga vijijini, kwamba mapaa mengi yameng'olewa na barabara zinasafishwa, ikaanza kusema "na huko mjini," kisha betri ikakata roho. Hawakuhitaji zaidi. Binti akisikia vijijini, atawasha gari. Wakati huu pengine alikuwa ameshawasha.

"Basi asikute kitu," alisema Chiriku.

"Vipi asikute kitu? Kuna shimo linaloweza kupitisha ng'ombe."

"Tutaliziba. Tutafagia, tutapaka chokaa ile alama, vilivyoloa tutavificha. Akifika akute mvua ilinyesha kidogo, tukalala vizuri."

Babu Bati alifikiri. "Funika kombe mwanaharamu apite," alisema.

"Usimwite mwanangu hivyo."

"Ni methali."

"Hata kama."

Wakaanza kazi. Chiriku alisukuma matope kwa ufagio wa kazi ngumu mpaka kizingitini na kutoka nje, akiyasema njia nzima, akiyauliza nani aliyaalika. Alisugua sakafu, akaifuta, akaisugua tena. Mume alitambaa kwenye mahindi akitafuta mabati. Alirudi na mawili, moja limekunjika kama karatasi ya pipi, akalilaza juu ya jiwe na kulinyoosha kwa nyundo ya mti, polepole, kama mtu anayemkanda mgonjwa mgongo. Alipanda ngazi, akayarudisha mahali pake. Shimo likapungua, lakini halikwisha. La tatu halikuonekana popote.

"Tafuta chochote kipana," alisema kutoka juu.

Chiriku alitafuta. Kwenye mtaro, kando ya barabara, alikuta bango la sabuni ambalo siku zote lilisimama njia panda. Lilikuwa na picha ya mwanamke mwenye meno meupe kupita kiasi, ameinua mkono uliojaa povu, anacheka kana kwamba kufua nguo ni harusi. Chiriku hakumpenda mwanamke yule tangu zamani. Hakuna anayefua huku anacheka. Lakini bango lilikuwa la bati na lilikuwa pana, akaliburuta mpaka nyumbani.

"Weka picha ndani," alimwelekeza mumewe. "Mtu akiwa barabarani aone bati tupu, asione matangazo."

Babu Bati alifanya kama alivyoambiwa. Lilikaa, ila ukingoni palibaki ufa wa urefu wa mtu aliyelala. Aliahidi kuufunika kwa gunia.

Ikaja zamu ya vitu vilivyoloa. Kulikuwa na mahali pamoja tu pa kuvificha, chumba cha binti, ambacho walikitunza kama alivyokiacha. Waliliburuta godoro lao humo, wakapandisha magunia kitandani, wakarundika viti, mapazia na cherehani, na juu kabisa kapu la nguo chafu. Kuku mmoja aliingia pamoja na magunia na hawakumwona. Chiriku alisukuma mlango kwa nyonga mpaka ukakubali, akaweka kufuli, akavaa ufunguo shingoni kwa kamba.

Kutoka kwenye kona walisikia injini. Chiriku alikimbilia dirishani kabla hajatambua kwamba haikuwa gari. Ilikuwa msumeno wa mota, na mwenye msumeno alikuwa jirani yao kijana, fundi wa mbao, ambaye kila mtu alimwita Msumeno hata mkewe.

"Ameanza kufungua barabara," alisema Babu Bati.

"Mapema yote hii? Ana wazimu? Mimi chokaa bado sijachanganya." Chiriku alifikiri kwa muda mfupi sana, kisha akachukua chupa ya chai, mkate na mayai ya kuchemsha. Aliona hakuna mwanamume duniani atakayekata mti huku mdomo umejaa.

Alimkuta Msumeno amesimama katikati ya matawi, vumbi la mbao limemjaa nyusi.

"Shikamoo mama. Mmesalimika?"

"Marahaba mwanangu. Tumesalimika kabisa, wala hatukusikia kitu. Zima hiyo mashine, uje ule."

"Nikikaa mimi, na gari la maziwa litakaa. Liko upande wa pili linasubiri."

"Maziwa yana haraka gani?"

"Yanachacha, mama."

"Basi kula haraka," alisema Chiriku, akammiminia chai ya moto kuliko inavyonyweka, kwa makusudi.

Msumeno aliketi kwenye gogo. Chiriku alianza kumsimulia habari za upepo wa zamani, wa siku zile binti akiwa mdogo, ambao uliinua banda la kuku na kulishusha likiwa zima, kuku ndani, wameduwaa tu. Kutoka hapo akaingia kwenye ndoa ya shangazi yake. Msumeno alikula yai, akala la pili, akamtazama.

"Mama, kwa nini hutaki nikate?"

Chiriku alikuwa hodari wa maneno, lakini si wa uongo. Akamwambia yote: paa, ahadi ya binti, bango la sabuni. Aliishia kumwomba akate taratibu kidogo, asiumie mgongo.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema Msumeno.

"Nani anakufa hapa? Kula yai."

"Nimekusikia, mama. Lakini barabara si yangu, wala si yenu." Akafuta mdomo, akasimama, akajinyoosha. "Ila asante sana. Tangu jana mchana sijatia kitu tumboni. Nilikuwa nakata kama mgonjwa."

Akawasha mashine, akaukata ule mti kama mtu aliyeshiba. Chiriku alisimama na chupa tupu mkononi akitazama vipande vikidondoka kimoja baada ya kingine, na akajilaani kimya kimya kwa mayai yale. Gari la maziwa lilipita likipiga honi ya shukrani kabla yeye hajafika nyumbani.

Walipaka chokaa pamoja, yeye kwa brashi, mumewe kwa kitambaa kilichofungwa kwenye fimbo. Waliipaka mara moja ikaonekana alama, wakaipaka tena. Ilikuwa bado inang'aa kwa ubichi waliposikia gari lingine, na safari hii walilijua kwa kikohozi chake.

Babu Bati alichungulia. "Ana godoro juu ya gari."

"Godoro?" Chiriku alisogea dirishani. Ni kweli. Gari dogo la binti lilikuwa linapanda taratibu, na juu yake limefungwa godoro kwa kamba, na meza imelazwa chali, miguu hewani. "Anataka kutulaza juu ya hilo godoro, mzee. Atufunge kamba atubebe kama wagonjwa."

Wakajipanga mlangoni, wanatabasamu. Hata mwanamke wa sabuni hakuwa na tabasamu kama lao.

Binti alishuka. Nywele hakuchana, na miguuni alivaa kiatu cheusi na kiatu cha kahawia. Chiriku aliviona viatu, akajisemea moyoni: tazama alivyokimbilia kutuhamisha. Binti alimkumbatia mama, akamkumbatia baba, akabaki kifuani mwa baba kwa muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Shikamooni. Mko wazima?"

"Wazima kabisa," alisema Chiriku. "Karibu, ingia, pita, usiogope. Kulinyesha, sikatai, mvua ndogo tu ya kutuliza vumbi. Tulilala fofofo. Si ndiyo, mzee?"

"Fofofo," alisema Babu Bati.

"Mahindi yamelala."

"Yamechoka. Mwaka huu yalirefuka sana."

Binti aliyatazama tena. Aliingia jikoni, akasimama mahali pale pale aliposimama mwaka jana, lakini mikono haikupanda kiunoni. Aliegemea ukuta kama mtu aliyetoka safari ya miguu. Alipojitoa, mgongo wake wote ulikuwa mweupe. Chiriku aliuona mgongo, akaangalia pembeni. Alimimina chai, akaiweka mezani, akaendelea kuongea, kuhusu ng'ombe, kuhusu bei ya chumvi, kuhusu chochote kilicho mbali na hali ya hewa.

Binti aliinua kichwa.

Juu ya meza, kutoka kwenye paa, mwanamke wa sabuni alikuwa anawachekea wote watatu, meno nje, povu mkononi. Babu Bati alikuwa ameikaza vizuri misumari ya bango, hakuna kona iliyolegea. Walichosahau wote wawili ni kwamba kinachofichwa kwa wapita njia huonekana na waliomo ndani.

"Baba," alisema binti, "huyo ni nani?"

Babu Bati alitazama juu kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. "Pambo," alisema.

Tone la maji likajikusanya kwenye jino la mwanamke, likaning'inia, likadondoka ndani ya chai. Njia ya mwongo ni fupi, na ya Chiriku iliishia pale, kikombeni. Alingoja asikie yale maneno: fungeni mizigo. Alikuwa ameshaandaa majibu, alikuwa nayo tangu alfajiri. Binti akaanza kucheka, mabega yakitikisika, na Chiriku akakitambua kile kicheko, kwa sababu asubuhi ile ile alikuwa amekicheka mwenyewe chini ya meza.

"Mama, naomba ufunguo wa chumba changu. Nataka kulala."

"Ufunguo umepotea."

"Umeuvaa shingoni."

Chiriku aliushika.

"Maji yaliingia kwangu," alisema binti. "Yalianza mlangoni, nikaweka mataulo. Nikapandisha vitu juu ya kitanda. Baadaye nikapanda juu ya meza na simu mkononi. Watu wa ghorofa za juu nilikuwa nawasikia wanatembea, wananisogezea viti kichwani, na hakuna hata mmoja ninayemjua jina nimwite. Nikapiga simu huku. Nikapiga tena. Nilipiga mpaka chaji ikaisha."

"Mnara ulianguka," alisema Babu Bati kwa sauti ndogo.

"Nilifikiri mmekufa." Alisema hivyo tu, bila kupandisha sauti. "Sikutaka mnisaidie. Mngenisaidiaje? Nilitaka kumsikia mama akiongea. Kulipokucha, maji yakapungua, nikafunga kilichobaki kwenye gari nikaja. Sina pa kukaa, mama. Hata pangekuwepo, nyumba ile siitaki tena. Mnafikiri mwaka jana niliwaita kwa sababu ya bati?"

Chiriku alikaa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, watu husema, na yeye, mzazi, asubuhi nzima alikuwa amehangaika na chokaa. Mvua ile ile ilikuwa imenyesha mjini. Ghorofa ya chini kabisa, aliijua, alilala humo. Haikumpitia akilini hata mara moja. Alikuwa amemwogopa mwanawe badala ya kumwogopea, na aibu ilimpanda mpaka masikioni. Lakini chini ya aibu kulikuwa na kitu kingine, kinapanda kwa nguvu zaidi, naye hakukizuia: mtoto yuko hapa. Yuko mzima, ana viatu viwili visivyofanana, yuko jikoni.

"Mimi nilidhani unakuja kutuchukua," alisema.

"Nimekuja kuwaomba mnichukue."

Chiriku alivua kamba shingoni, akaenda kwenye mlango, akafungua kufuli. Aliona ni bora amwonye binti. "Usishtuke," alisema, na mlango ukajifungua wenyewe. Lilitangulia kapu la nguo chafu, likafuata pazia, kiti kimoja, na mwisho kuku, ambaye alitoka akilalamika, akapita katikati yao na kwenda nje bila kugeuka nyuma. Ndani, mlima wa vitu vilivyoloa ulikuwa umefunika kitanda, na kutoka mlimani maji yalikuwa yanadondoka.

"Mvua ndogo ya kutuliza vumbi," alisema binti.

Babu Bati ndiye aliyeanza. Alicheka mara chache sana katika maisha yake, na akicheka hakutoa sauti, alikunja uso tu na kushika ukuta. Akashika ule wenye chokaa. Wakacheka wote, hata wakasahau walichokuwa wanacheka, kisha wakakunja mikono na kuanza kazi upya, safari hii ya kutoa vitu nje badala ya kuviingiza ndani.

Ilikuwa rahisi mno. Chiriku alishangaa jinsi kazi inavyokuwa nyepesi mtu asipoifanya kwa kujificha. Waliegemeza godoro la wazee ukutani juani, na la binti likaegemezwa kando yake, yote mawili yanavuja. Walianika mapazia juu ya mahindi yaliyolala. Majirani waliopita barabarani walisimama kusalimu, kila mmoja na hasara yake mdomoni, na hakuna aliyeona ajabu, maana kila uani palikuwa na magodoro. Binti alifua, baba akakausha cherehani kwa kitambaa na mafuta. Jua lilikuwa kali, jua zuri, kama halikuhusika kabisa na mambo ya jana.

Msumeno alipita jioni ikikaribia, bati la tatu begani. Alilikuta chini ya ule mti, matawi yamelilalia.

"Binti amefika?" alimnong'oneza Chiriku.

"Amefika."

"Anawachukua?"

"Tumemchukua sisi," alisema Chiriku, akamwekea mayai mengine mfukoni, safari hii bila hila.

Babu Bati alipanda ngazi na bati lake. Jikoni, binti alikuwa amejinyoosha kwenye benchi, "kidogo tu," alivyosema, na kabla sentensi haijaisha usingizi ulikuwa umemchukua, mdomo wazi kama alipokuwa mdogo. Chiriku akaikatiza katikati hadithi ya shangazi yake. Alitoka nje kwa ncha za vidole na kumpungia mumewe.

"Usigonge," alisema kwa midomo tu.

Babu Bati alitazama ufa, ule ambao tangu asubuhi mkewe alimsumbua auzibe. Akatazama mbingu, zilikuwa safi. Akaketi juu ya paa, nyundo mapajani, akatulia. Chiriku alirudi ndani, akavuta kiti karibu na benchi. Jua la jioni lilipenya kwenye ufa na kuangukia miguu ya binti. Alijikaza asiseme kitu. Lilikuwa jambo gumu, lakini alijikaza, na nyumba nzima ikawa kimya.

Binti akafumbua macho, yamejaa hofu, akashika ukingo wa benchi.

"Kuna nini? Mbona kimya?"

"Hakuna kitu, mwanangu. Ulikuwa umelala. Tumenyamaza usije ukaamka."

"Msinyamaze." Alikuwa bado anashikilia benchi. "Ongea, mama. Na baba agonge."

Chiriku aliinua uso kwenye ufa. "Mzee, gonga," alisema. Nyundo ikaanza kulia juu ya vichwa vyao, na yeye akaisogeza miguu ya mwanawe mapajani, akairudia hadithi ya ndoa ya shangazi yake tangu mwanzo, asiruke hata mgeni mmoja, na hakuacha kusema hata vidole vya binti vilipolegea na kuachia benchi.